Vyaelea Vimeundwa: Uhakiki wa Mabishano ya Kabumbu Feri na Kariakoo

Fasihi ya Taifa letu haimo vitabuni peke yake. Sehemu yake kubwa imo vinywani mwa watu, wala haingoji usiku wa hadithi au sherehe ya harusi ndipo itamkwe. Katika jiji la Dar es Salaam, moja ya tanzu zilizo hai kuliko zote ni mabishano ya wapenzi wa kabumbu. Husikika alfajiri katika soko la samaki la Feri, wachuuzi wanapongoja mashua zitie nanga na mnada uanze. Husikika mchana Kariakoo, baina ya wauza vitenge, wachukuzi wa mikokoteni na wanywa kahawa. Na siku timu inapofungwa, mabishano hayo hupamba moto kuliko biashara yenyewe. Kusudi la insha hii ni kuyahakiki kama tunavyohakiki ngonjera au tamthiliya: kuupima ufundi wake, kuzichambua hoja zake, na hatimaye kuuliza kama yanamfikisha msikilizaji kwenye ukweli.

Kwanza hatuna budi kukumbuka asili yake. Klabu ya Young Africans, ambayo watu wote huiita Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ilizaliwa klabu ambayo imepata kuitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, mpaka mwaka 1971 ilipolivua jina hilo la kigeni na kujiita Simba. Makao ya Yanga yako penye mitaa ya Twiga na Jangwani. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi. Mtu huweza kutoka kwa Wana Jangwani hadi kwa Wekundu wa Msimbazi kwa miguu, bila kutoka nje ya Kariakoo. Kitongoji chenyewe kilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika mji ambamo ardhi, kazi na sheria vilikuwa mikononi mwa wageni, klabu ilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo Mwafrika wa mtaani aliweza kuvitaja kwa neno moja: "yetu". Neno hilo ndilo kiini cha mabishano yote tutakayoyatazama.

Ufundi wa mabishano haya ni mkubwa. Mbishani hodari hasemi ovyo. Huanza kwa ushahidi: hutaja tarehe, idadi ya mabao, na hata lango la upande gani lilifungwa. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa bila. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ikalipa kwa mabao 6 kwa bila. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ikashinda 5 kwa bila. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5 kwa 1. Mambo hayo hayafundishwi shuleni, lakini kijana asiyeweza kutaja mwaka wa Vita vya Majimaji atayataja bila kigugumizi. Baada ya ushahidi hufuata kejeli, na hapo utani wa jadi huonyesha faida yake. Muuza samaki humwambia mzee aliyemzidi umri maneno ambayo siku nyingine yangekuwa utovu wa adabu, na mzee hucheka, akamjibu, "Mwanangu, subiri mechi ya marudiano." Mwisho huja hukumu: nani afukuzwe, nani apangwe, nani asirudi tena kiwanjani. Ushahidi, kejeli, hukumu: huo ndio muundo wake, na umekamilika kama muundo wa malumbano ya washairi wetu.

Lakini mhakiki haridhiki na muundo peke yake. Hutazama pia maudhui. Tukifanya hivyo twaona jambo moja la ajabu. Timu inapoyumba, hukumu humwangukia kwanza mlinda mlango. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mlinda mlango husimama peke yake. Mshambuliaji akikosa bao, kosa hilo husahauliwa mpira unaporudi katikati. Mlinda mlango akikosea, kosa lake huandikwa katika matokeo na kusomwa redioni. Kwa hiyo yeye ndiye mhusika anayefaa kwa masimulizi: anaonekana, ana jina, na kosa lake lina dakika yake. Katika masimulizi ya wapenzi yeye hubeba dhambi za wengine kama wahusika wa tanzia wanavyozibeba.

Mfano ulio bora ni ule wa mwaka 2013. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza mabao 3 kwa bila dhidi ya Simba katika Uwanja wa Taifa. Kipindi cha pili Simba ilirudisha yote matatu, na mchezo ukaisha 3 kwa 3. Lawama zikamwendea mlinda mlango Ally Mustapha, ambaye wapenzi humwita Barthez. Wako waliomtaka Deogratius Munishi, maarufu kama Dida. Wako waliosema kwamba dawa ni kumpata Juma Kaseja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa nguzo ya Simba na nahodha wa timu ya Taifa, na ambaye mwaka 2003 alipangua penalti jijini Cairo, Simba ikaitoa Zamalek iliyokuwa bingwa wa Afrika. Yanga ikamchukua Kaseja. Tarehe 21 Desemba watani wakakutana tena, Kaseja akiwa langoni mwa Yanga, na Simba ikashinda 3 kwa 1. Lawama zilezile zikahamia kwa Kaseja, na kocha Ernie Brandts kutoka Uholanzi akaachishwa kazi.

Tuyasome matukio hayo kama tunavyosoma tamthiliya. Katika miezi miwili walinda mlango walibadilishwa, kocha akaondoka, na maneno yakamwagika Jangwani na Msimbazi kwa wingi usiopimika. Kisha ligi ikaisha, na bingwa wa msimu wa 2013/14 hakuwa Yanga wala Simba. Alikuwa Azam, klabu changa inayomilikiwa na kampuni, yenye kiwanja chake Chamazi, na ilichukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Hapa ndipo mabishano yalipopungukiwa. Wapenzi waliuliza nani asimame langoni. Wachache waliuliza kwa nini klabu mbili zilizokaribia umri wa miaka 80, zenye wafuasi nchi nzima, zilikuwa bado hazina uwanja wao wa kuchezea ligi, hali klabu iliyozaliwa juzi ilikuwa nao.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Mvuvi wa Feri anaelewa methali hii kuliko mtu yeyote. Mashua ikiingia maji, hamlaumu nahodha peke yake; hutazama mbao, misumari na kalafati, kisha humwuliza fundi. Ajabu ni kwamba mvuvi huyohuyo, timu yake inapozama, humtazama nahodha tu.

Kasoro hii si ya leo. Wapenzi wote wa Simba hukumbuka mabao 6 ya mwaka 1977, na hasa matatu ya Abdallah Kibadeni. Ni kumbukumbu ya haki, maana ilikuwa kazi kubwa. Lakini masimulizi hayo aghalabu huacha jambo moja: Yanga iliyofungwa siku hiyo ilikuwa imetoka katika mgogoro mkubwa wa ndani, uliowagawa wanachama na wachezaji katikati ya miaka ya 1970 na kuzaa klabu ya Pan Africans. Pan Africans haikuwa klabu ya mzaha. Mwaka 1982 ilitwaa ubingwa wa nchi. Maana yake ni kwamba sehemu ya nguvu ya Yanga ilikuwa imehama kabla mwamuzi hajapuliza filimbi. Mabao sita yalifungwa kiwanjani, lakini njia yake ilianza kufunguliwa katika vikao. Mabao yamekumbukwa, vikao vimesahauliwa.

Katika miaka ya karibuni swali la vikao limekuwa zito zaidi, kwa sababu limegusa lile neno "yetu". Mwaka 2016 mwenyekiti wa Yanga, Yusuf Manji, alipendekeza akodishwe klabu kwa miaka 10. Mpango huo haukutekelezwa, na mwaka 2017 aliondoka katika uongozi. Ndipo Wana Jangwani walipoonja dhiki: mishahara ya wachezaji ikachelewa, na mpenzi wa kawaida akaombwa achangie timu kutoka mfukoni mwake. Kwa upande wa Msimbazi, ambako ubingwa haukuonekana tangu mwaka 2012, wanachama walikutana tarehe 3 Desemba 2017, na mfanyabiashara Mohammed Dewji akatangazwa kuwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji kwa shilingi bilioni 20. Serikali iliweka kanuni kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49 ya hisa, na asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Mwaka 2021 wanachama wa Yanga nao walikubali katiba ya kubadili mfumo wa klabu yao.

Haki inatutaka tuseme kwamba fedha zilileta matunda. Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, tangu msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Yanga ikafuata kwa mara nne mfululizo, hadi msimu wa 2024/25. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na mwaka 2025 Simba nayo ikafika. Mtu anayesema kwamba uwekezaji haukufaa kitu atabishana na makombe yenyewe. Lakini mtu anayesema kwamba makombe yamelimaliza swali naye amekosea. Asilimia 51 ni maandishi tu kama mwenye nazo haulizi mapato ya milangoni ni kiasi gani, jezi zimeuzwa ngapi, deni ni la nani, na mkutano mkuu utaitishwa lini. Aliyezoea kuuliza habari za mlinda mlango peke yake ataamka siku moja akute neno "yetu" limebaki katika nyimbo za majukwaani, limetoka katika vitabu vya hesabu.

Yuko atakayepinga uhakiki huu. Atasema kwamba mchuuzi wa Feri hana elimu ya uhasibu, na kwamba mpira ni burudani ya mtu aliyechoka. Hoja ya kwanza haina nguvu. Mchuuzi huyo hununua samaki mnadani kabla jua halijapanda, hupiga hesabu ya barafu, nauli na faida kichwani, na hadanganyiki hata kwa mia moja. Anayeweza hayo anaweza kusoma taarifa ya mweka hazina, mradi taarifa yenyewe itolewe kwa Kiswahili kilicho wazi na kubandikwa mahali pa kuonekana. Lawama kubwa basi si ya mchuuzi; ni ya uongozi wa namna yoyote unaowaachia watu mlinda mlango wa kumjadili, ukafunga daftari kabatini. Penye giza watu hujaza maneno yao: leo mchezo umeuzwa, kesho kamati ya ufundi imeshindwa na uchawi wa watani. Uvumi wa aina hiyo hustawi pale habari za kweli zilipokosekana.

Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Burudani ni haki ya mfanyakazi, na hakuna anayetaka kahawa ya jioni igeuzwe kikao cha bajeti. Lakini mabishano haya hayajapata kuwa burudani tupu. Ndani yake mtu asiye na cheo huhukumu wenye vyeo, kijana humjibu mzee, na maskini humwita tajiri kwa jina na kumtaka maelezo. Hiyo ni desturi ya kidemokrasia iliyojengwa na watu wenyewe barazani, wala haikuletwa na mgeni. Tunalodai ni kwamba jicho lake liongezwe upeo. Ushahidi ubaki, kejeli ibaki, na utani wa jadi ubaki kama ulivyo; hukumu ndiyo itafutiwe mahali pake pa haki.

Walimu wanaweza kusaidia katika jambo hili. Somo la fasihi simulizi likifika, mwanafunzi asitumwe kukusanya vitendawili na methali tu. Atumwe pia barazani siku ya Jumatatu baada ya mchezo wa watani, aandike yanayosemwa kwa uaminifu, kisha darasani ayapange katika mafungu matatu: lililoonekana kwa macho, lililosikika kwa uvumi, na ambalo hakuna aliyeliuliza. Fungu la tatu ndilo litakalomfundisha zaidi. Mlinda mlango hupangwa na kocha, kocha huajiriwa na viongozi, na viongozi huwekwa na wenye klabu. Mwanafunzi atakayeufuata mnyororo huo hadi mwisho wake atamkuta mwanachama mwenyewe, mwenye kadi mkononi na haki ya kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza.