Mshairi Mpya Hugunduliwa kwa Kujibiwa

Husemwa mara nyingi kwamba kazi ya jarida la mashairi ni kuwatangaza washairi wapya. Neno hili ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kutangaza jina la mtu si sawa na kumgundua. Jina laweza kuchapwa leo na kusahauliwa kesho. Mshairi aliyegunduliwa ni yule ambaye shairi lake limemlazimu mwenziwe kusimama na kunena. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba majarida mengi ya mashairi yasomwayo siku hizi kwa njia ya mtandao yanaitimiza vema kazi ya kutangaza, bali kazi ya kujibu yameiacha.

Mfano ulio mkubwa katika historia yetu ni Mambo Leo, gazeti la Idara ya Elimu ya Tanganyika lililoanza kutolewa mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, wala halikuanzishwa kwa ajili ya ushairi. Hata hivyo kurasa zake za mashairi zililichukua shairi la Kiswahili kutoka miji ya pwani zikalifikisha bara. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alisomwa humo kabla vitabu vyake havijaenea. Humo pia alituma tungo zake Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake.

Je, nguvu ya kurasa zile ilitoka wapi? Haikutoka katika wino peke yake. Mtunzi mmoja alifumba fumbo, na wengine walilifumbua kwa vina na mizani. Mmoja alitoa rai, mwingine akaipinga. Aliyekosea alijua amekosea wapi, na aliyepatia alijua nani amemtambua. Hivyo ndivyo mgeni alivyopata kuwa mwenyeji.

Lakini desturi ile ilikuwa na hatari yake. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichowafaa sana wanafunzi. Ila sheria iliyokusudiwa kuwa fimbo ya kutembelea baadhi ya watu waliigeuza kuwa komeo la mlango. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974, chenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wako waliokana kwamba hayo ni mashairi. Hata hivyo ubishi ule ulimtambulisha kuliko sifa ambayo ingemfanya apite bila kuhojiwa. Kukataliwa kwa hoja nako ni kujibiwa.

Ukweli huu si mgeni katika kata ya Nkololo, wilayani Bariadi, wala mahali pengine pa Usukuma. Baada ya mavuno huja majira ya ngoma, na vikundi vya Bagika na Bagalu hupambana, kila kimoja na manju wake. Watazamaji wako huru kuhama upande huu kwenda ule, na kikundi kinachowavuta wengi ndicho kilichoshinda. Manju mpya hatangazwi na mtu: huimba, mpinzani wake humjibu, na miguu ya watu hutoa hukumu.

Sasa tumfikirie kijana wa Nkololo atungaye kwa Kiswahili na kulituma shairi lake kwa simu. Hahitaji stempu, wala hahitaji kujuana na mtu wa Nairobi au Dar es Salaam. Neema hii si haba. Shairi likikubaliwa, hutolewa pamoja na jina lake, picha, na maneno machache ya maisha yake. Kisha kimya. Atakayesema kwamba wasomaji humwekea alama ya kidole gumba, na ajue kwamba kidole gumba hakisemi ni ubeti upi uliosimama na upi ulioanguka.

Si kwamba chombo chenyewe hakiwezi. Jalada, jarida lililoanzishwa na waandishi vijana wa Afrika mwaka 2013, lilitoa mwaka 2016 hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kigikuyu, ikafasiriwa kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Kalamu moja iliziamsha kalamu nyingi. Lakini yule alikuwa mzee mwenye jina. Mshairi wa kwanza kuchapwa ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuitikiwa.

Yapasa basi mhariri wa jarida la mashairi asitoe tungo ya mgeni peke yake, bali aitoe pamoja na jibu, la shairi au la nathari, litakalotaja uzuri na upungufu wake. Jibu hilo lisipime vina pekee; lisikilize pia kama mwendo wa Kisukuma umeingia katika Kiswahili cha mtunzi, na kama umekitajirisha au umekikwaza. Nasi wanafunzi na walimu wa vyuo tusingoje mshairi afe ndipo tuandike juu yake. Kijana wa Nkololo aliyetuma shairi moja asijibiwe, huenda asitume la pili, nasi hatutajua tumepoteza nini.