Coogee: Bahari Yetu Ileile, Upande wa Pili

Jamani, jua limezama baharini! Mimi mtoto wa Tanga, maisha yangu yote nimeliona jua likitoka baharini alfajiri, na sijawahi hata siku moja kuliona likirudi humo. Juzi jioni nimekaa kwenye gati la Coogee, kusini kidogo ya Fremantle, Australia Magharibi, miguu inaning'inia juu ya maji, watoto watatu wameniegemea, na jua likajitumbukiza polepole katika Bahari ya Hindi. Bahari yetu! Kitindamimba akauliza, "Mama, linaenda Tanga?" Ndiyo, mwanangu. Kule saa hizi bibi yako anamaliza chakula cha mchana; sisi tunamtangulia kwa saa tano.

Nina siku tatu tu hapa, nyumba sijapata, masanduku bado yamefungwa kamba. Lakini kusubiri siwezi, lazima niseme.

Perth ni jiji lililojinyoosha ufukweni, na kila unayekutana naye ana kitongoji cha kukupigia debe. Tulianzia Cottesloe, maana ndiyo iliyo kwenye picha zote: misonobari mirefu, nyasi zinateremka mpaka mchangani, treni ya Fremantle inapita jirani. Nzuri, sikatai. Nilipoulizia kodi nikarudisha simu mkobani. Scarborough ina mawimbi ya vijana wenye mbao zao, na treni haifiki. Rockingham maji yametulia, na mbele yake kuna kisiwa kizima cha pengwini! Watoto walitaka tuhamie siku hiyohiyo, ila baba yao kazi yake iko Fremantle.

Halafu tukafika Coogee.

Sikilizeni, wenzangu mliolelewa pwani. Bahari ya kwetu ina tabia ya kuondoka. Siku za bamvua ukigeuka kuosha vyombo, ukirudi maji yamekwenda, ngalawa zimelala ubavu, watoto wako kwenye mwamba wanafukuza kaa. Ukigeuka tena, fungu la mchanga walilosimamia limemezwa. Mama wa pwani huishi na mwezi kichwani. Tanga na Dar maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hapa tofauti ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki hata mita 1! Nimepanga mawe kwenye ukingo wa maji asubuhi, nimerudi jioni, yako palepale karibu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Tena mawimbi makubwa hayafiki kwa nguvu zake, kwani kusini magharibi kuna kisiwa cha Garden kimeukinga upande huu. Kitindamimba, mwenye miaka 4, alisimama maji ya kiunoni, akaona vidole vyake vya miguu chini. Na papa? Mimi pia lilikuwa swali langu la kwanza, maana pwani hii ina papa kwelikweli. Kando ya gati wamezungusha uzio wa wavu mgumu, kuanzia juu ya maji hadi chini kabisa, eneo kubwa la kutosha shule nzima kuogelea. Watoto wanaruka kutoka gatini mpaka giza linaingia.

Mkubwa wangu, ambaye tangu tuhame alikuwa amenuna, nimempoteza kwa Omeo. Ni meli ya chuma iliyojengwa mwaka 1858. Dhoruba ikaitupa hapa mwaka 1905, na mabaki yake yako mita kama 25 tu kutoka mchangani! Huhitaji mashua, huhitaji kulipa. Unavaa miwani ya kuzamia, unauma mrija wa kupumulia, unapiga mikono kidogo, na chini yako kuna mbavu za meli na samaki wanaingia na kutoka. Ametoka majini anatetemeka, ameongea bila kupumua njia nzima ya kurudi. Anatetemeka, nasema, kwa sababu maji ni baridi. Hili nisiwafiche. Ni Bahari ya Hindi, lakini aliyeoga Raskazone kule Tanga atapiga yowe.

Na kuna upepo. Kiangazi, mchana, kutoka kusini magharibi unakuja upepo wanaouita Daktari wa Fremantle, kwa vile unaliponya jiji joto. Kwa mtu mzima ni tiba. Kwa mwenye mwavuli, mkeka na bakuli la vitumbua, ni vita ya mchanga. Na siku ambazo meli za kondoo ziendazo Ghuba zimetia nanga bandarini, upepo ukigeuka, Fremantle nzima inajua. Sheria imeshapitishwa biashara hiyo iishe Mei 2028, kwa hiyo pua zetu zitavumilia kidogo.

Mzazi unayekuja, jambo la shule ndilo la kushika kabla ya kupenda gati. Shule za serikali hapa hupokea watoto kwa eneo wanalokaa, kwa hiyo nyumba ndiyo inayoamua darasa. Tazama ramani ya shule kwanza, kisha ndiyo uulize vyumba vingapi. Mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Kofia ni lazima: asiye nayo hachezi juani, na wanajua wanachokisema, nchi hii kansa ya ngozi ni mzigo mkubwa. Kuogelea hufundishwa shuleni kama hesabu, na Jumapili za kiangazi asubuhi vyama vya waokoaji vya ufukweni huwafunza watoto kuanzia miaka 5, wenyewe wanawaita Nippers. Binti yangu wa katikati ameshachagua rangi ya nguo ya kuogelea.

Kodi hutajwa kwa wiki, si kwa mwezi, kwa hiyo usifurahie haraka ile tarakimu ndogo. Lakini hakuna wa kukudai miezi 6 kwa mkupuo kama kwetu. Dhamana kwa kawaida ni ya wiki 4. Nyumba inakuja tupu, hata kitanda hamna. Siku ya kuitazama mnafunguliwa mlango dakika chache, kundi zima, na mtu mwenye makaratasi tayari ndiye anayeshinda. Treni Coogee haina. Kuna basi mpaka Fremantle, kutoka hapo treni hadi katikati ya jiji ni nusu saa. Gari linakwenda kushoto kama nyumbani.

Kesho tunatazama nyumba mbili, vyumba vitatu vitatu, moja ina mlimau uani. Na ukiitafuta kwenye ramani, andika Coogee ya Perth. Ile ya Sydney iko zaidi ya kilomita 3,000 mashariki, na jua lake linatoka baharini.