Macho ya Dema

Kazi ya dema, mtego wa samaki wa kusukwa, huanza mbali na maji, kwenye mwanzi. Katika kijiji kimoja cha pwani ya Unguja, mzee fundi anaupasua kwa panga, kisha anaketi kivulini kuchonga kila ubamba kwa kisu kidogo. Anaupitisha baina ya vidole, akipapasa palipobaki unene. Ubamba mnene haupindiki. Mwembamba mno hukatika. Usiomridhisha anauweka kando, anachukua mwingine.

Ndipo anaposuka. Bamba za kwanza hulala sambamba, za pili hupita mshazari, za tatu hupita mshazari wa upande wa pili na kuzibana zote. Zinapokutana, katikati hubaki tundu la pembe sita: jicho la dema. Hakuna msumari, kila ubamba hushikwa na wenzake. Fundi hupima jicho kwa vidole vyake. Likitoka jembamba kuliko mengine, hufumua safu nzima na kuisuka upya, mikono ikienda kwa mwendo uleule.

Kazi ngumu kuliko zote ni mdomo. Ni njia iliyo pana kwa nje, inayozidi kubana kuelekea ndani, na ncha za bamba zimeachwa zielekee tumboni mwa dema. Samaki anapoingia, ncha humpisha. Akitaka kurudi, humkabili. Fundi hutia mkono mpaka kwenye kiwiko, akaikagua ncha moja moja.

Mwisho huja fito za kuimarisha kingo, mlango mdogo wa kutolea samaki, na mawe ya kulizamisha. Wavuvi wengine huvua kwa mshipi na nyavu. Mvuvi wa dema hutega. Huweka chambo, hulilaza kando ya matumbawe wanakopita changu na tasi, akarudi baadaye kuliopoa.

Siku hizi yapo pia madema ya waya. La waya likipotea baharini, laweza kuendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. La mwanzi huoza, likawaachia. Na jicho likisukwa kwa upana unaofaa, samaki wadogo hupenya wakaenda kukua. Fundi anayefumua safu nzima kwa sababu ya jicho moja huwa ameshaamua, papo hapo kivulini, samaki yupi atafika sokoni na yupi atabaki kuzaa.