Hongera Paa Ya Paa

Paa ni mnyama, paa ni kupanda angani, paa ni sehemu ya juu ya nyumba. Walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa Ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965 walimkusudia mnyama anayepaa. Mimi kila nikilisikia jina hilo huwaza lile paa la nyumba, maana msanii asiye na pa kutundika picha yake ni mpangaji kwa watu.

Mmoja wao, Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, alikuwa ameshachora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, watu wake wakiwa Waafrika katika mandhari ya Wakikuyu. Yeye na wenzake, waandishi na wachoraji, hawakungoja serikali iwajengee. Walichanga nguvu zao wenyewe. Baadaye kituo kikahamia Ridgeways, na Njau na mkewe Phillda wakakilea kwa miongo mingi kama mtu aleavyo mtoto.

Miaka ya 1990 moto ulizuka ukateketeza picha na vitabu. Hasara ya namna hiyo hailipiki. Turubai iliyoungua haichorwi mara ya pili. Wengi wangefunga mlango. Wao walifagia majivu, wakaendelea kupokea wageni, na kwa hilo nawavulia kofia.

Ukifika Nairobi, shika barabara ya Kiambu, uingie Ridgeways, upige hodi.