Juni 5, 1978: Jaribio Lililogeuzwa Sherehe

Filamu ya siku ile tumeiona sote. Roketi ya OTRAG, kampuni ya Kijerumani, inang'oka kwenye uwanda wa Manitu, kaskazini mwa Shaba, Zaire, inapanda kidogo, inalala upande, kisha inapiga mbizi kuelekea bonde la Luvua huku Rais Mobutu akitazama. Kila tukiijadili hapa kisiwani Idjwi, watu hukimbilia mfumo wa kuongoza. Ni kweli ulishindwa. Lakini roketi ya majaribio ina haki ya kushindwa. Kosa lilifanyika kabla ya moto kuwashwa, pale Lutz Kayser, mwanzilishi wa OTRAG, na wenzake walipokubali rais awepo.

Tazameni tarehe. Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 17, 1977, ikaenda vizuri. Ya pili ikasubiri mwaka mzima, hadi Mei 20, 1978, nayo ikafaulu. Ya tatu ikarushwa baada ya siku 16 tu! Ndani ya siku hizo ilibidi wasome vipimo vya safari iliyopita, wakague vali zote, wajaze asidi ya naitriki, na papo hapo waandae mapokezi ya mkuu wa nchi. Tena mkoa huohuo ulikuwa vitani: askari wa Ufaransa walishuka Kolwezi kwa miamvuli Mei 19, siku moja kabla ya roketi ya pili kuruka.

Injini za OTRAG hazigeuki shingo. Ukitaka kuipindisha roketi, unapunguza mafuta na asidi upande mmoja, upande wa pili unasukuma zaidi. Kayser aliota mamia ya mabomba yaliyofungwa pamoja, kila moja na injini yake, na kwa wingi huo injini moja ikilegea nyingine zinaifidia. Pale Manitu mabomba yalikuwa manne. Kila moja lilibeba robo ya nguvu yote, kwa hiyo vali moja ikichelewa roketi inaegemea, na hakuna wa kuisaidia. Chombo cha namna hiyo kinataka mhandisi aliye huru kusema "simamisheni" hata kwa shaka ndogo, awarudishe watu kambini, wafungue kila kitu upya. Nani angelitamka neno hilo Mobutu akiwa ameshaketi?



Kinachoniuma ni kwamba mwenyekiti wa bodi ya OTRAG alikuwa Kurt Debus. Huyu hakuhitaji kufundishwa. Desemba 6, 1957 Marekani ilichukua Vanguard, chombo cha majaribio, ikakitangaza kama jibu kwa Sputnik na kuita kamera. Kilipanda mita moja na kitu, kikaanguka na kulipuka dunia nzima ikiona. Wiki chache baadaye Debus mwenyewe alisimamia urushaji wa Explorer 1. Upepo wa juu ulikuwa mkali, wakaahirisha, wakaahirisha tena, wakarusha Januari 31, 1958, na setilaiti ikafika. Waliweza kuahirisha kwa sababu shughuli ile ilifanywa kimyakimya.

Na hata tusiende mbali hivyo. Mwalimu wa kazi hii Afrika Mashariki alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Ngomeni, pwani ya Kenya. Waitaliano wake walirusha setilaiti ya kwanza ya San Marco kutoka Marekani mwaka 1964, wakajifunza, na ya pili wakairusha kutoka jukwaa lao baharini Aprili 26, 1967. Setilaiti ya Uhuru ilikuja Desemba 12, 1970, sikukuu ya Kenya, wakati jukwaa limeshazoea kazi. Sherehe ilisubiri ufundi ukomae.

OTRAG walikuwa na nafasi ya kusubiri. Zaire ilikuwa imewapa kilomita za mraba 100,000, karibu mara 300 ya kisiwa chetu, hadi mwaka 2000. Muda walikuwa nao, wakauchoma wenyewe.

Mwaka 1979 Mobutu aliwafukuza, nao wakahamia Libya. Wasovieti walimbana awafukuze, hilo halina ubishi. Ila aliyebanwa alikuwa na picha moja tu ya roketi aliyoishuhudia kwa macho yake, nayo ni ile ya Juni 5. Ya Mei 20 iliyopaa vizuri hakuwepo kuiona.