Sura Moja, Kazi Tatu

Nachukua chaki, naandika ubaoni sentensi tatu za Kiingereza: "I know when she came". "I wept when she came". "I remember the day when she came". Maneno matatu ya mwisho ni yale yale, herufi kwa herufi, lakini kila mara yamebeba mzigo mwingine.

Mswahili ana msaada hapa ambao Mwingereza hana. Atasema: najua alikuja lini, nililia alipokuja, naikumbuka siku aliyokuja. Lugha yetu hukivika kila kishazi nguo ya kazi yake. Kiingereza huvipa vyote vazi moja, kwa hiyo inabidi ukihoji kila kimoja: wewe hapa unafanya nini? Cha kwanza kimekalia kiti cha yambwa. Weka "it" mahali pake na sentensi inabaki nzima. Hicho ni kishazi nomino. Cha pili kinataja wakati wa kulia. Kiondoe, mtu bado analia. Kishazi elezi. Cha tatu hakina habari na kitenzi, kimeng'ang'ania siku: kishazi rejeshi.

Wanafunzi wengi hukaririshwa orodha ya viunganishi. Wakiona "when" wanaandika "elezi", wanasonga mbele. Orodha hiyo inawanyima utamu wenyewe.

Mwaka 1877 walimu wawili wa Brooklyn, Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, walichapisha kitabu kilichoeneza katika shule za Marekani namna yao ya kuchora sentensi. Kishazi kikuu hulazwa kwenye mstari, kiima kushoto, kiarifu kulia, na kistari cha wima kati yao. Kishazi nomino hupandishwa juu ya kijukwaa chenye miguu. Kishazi rejeshi hukaa chini, kimefungwa kwa mstari wa nukta kwenye nomino yake. Elezi hufungwa kwenye kitenzi. Naipenda michoro hiyo kwa kuwa haikubali kubabaisha: lazima uamue kamba unaifunga wapi.

Siku moja binti wa kidato cha pili aliniletea daftari. Alikuwa ameandika "Tell me when she comes", akaichora mara mbili. Juu ya kijukwaa: niambie atakuja lini. Chini ya kitenzi, kwa nukta: akija, niambie.

"Mwalimu, mchoro upi ni sahihi?"

Yote miwili, nilimwambia, nikampa chaki aichore ubaoni wenzake waione.