Sikiliza Anavyohama Ufunguo

Ukitaka kumtambua mtunzi wa sonata bila kuoneshwa jina lake, usianze na uzuri wa tuni. Vienna ya mwisho wa karne ya 18 ilijaa tuni nzuri, na nyingi zilifanana. Sikiliza anavyohama ufunguo. Katika umbo la sonata, wazo la kwanza hupigwa kwenye ufunguo wa nyumbani, la pili kwenye ufunguo mwingine; kisha hufumuliwa na kufinyangwa, na mwishoni yote hurejea nyumbani. Wanakwaya waliozoea do-re-mi wataelewa upesi: Do ya mwanzo ikiwa C, kwa kawaida Do mpya huwa G.

Chukua simfoni ya mwisho ya Haydn, namba 104, iliyopigwa London mwaka 1795. Ukifika mahali pa wazo la pili unakutana na lile lile la kwanza, limehamishwa kutoka D kwenda A. Tuni nyingine fupi huja baadaye, fungu linapokaribia kuisha. Asiyemjua angedhani mzee ameishiwa. La hasha! Anataka usikie kuhama kwenyewe, ndiyo maana tuni ameiacha ilivyo. Fungu la kati nalo analijenga zaidi kwa kijipande cha tuni hiyo, zile noti zinazorudiwa mfululizo. Kubana malighafi namna hii ndiko kunakomtambulisha.

Mozart ni mkarimu. Sonata yake ya piano K. 332 huwa haijaenda mbali na tayari ametoa tuni kadhaa, kila moja na tabia yake, kama wahusika wanaopishana jukwaani. Katika K. 545, ya mwaka 1788, wazo la kwanza linarejea kwenye F badala ya C. Usimtambue kwa hilo peke yake, maana Schubert naye alirejea hivyo katika kwinteti ya “Trout” ya 1819.

Beethoven huenda mbali, kisha hulipia safari. Wazo la pili la sonata ya “Waldstein” linatua E meja, wakati nyumbani ni C. Linaporejea linaanzia A, na kwenye mkia, yaani sehemu ya kufungia, ndipo linapotulia C. Mikia yake ni mirefu kwa sababu ina kazi: mwendo wa kwanza wa simfoni ya “Eroica” una vipimo 691, na zaidi ya 130 kati yake ni mkia.

Schubert ndiye anayenigusa kuliko wote. Katika sonata ya B flati, D. 960, aliyoimaliza Septemba 1828, miezi miwili kabla ya kufa, tuni tulivu ya mwanzo inakatizwa na mtetemo wa chini kabisa kwenye G flati. Unaweza kuupuuza. Lakini wazo la pili linapokuja, ufunguo wake ni F shapu maina, na kwenye piano F shapu na G flati ni kitufe kimoja cheusi. Noti iliyonong’ona mwanzoni imekuwa ufunguo mzima. F iliyotarajiwa inafikiwa baadaye. Vipimo vichache vinavyorudisha fungu la kwanza mwanzo vina mtetemo ule ule, safari hii kwa nguvu zote, na hausikiki hivyo popote pengine katika mwendo huo. Wapiga piano wanaoruka marudio hayo wanaliondoa tamko lake la wazi kuliko yote.